Tumeapiana kufika Uhuru pamoja: je, siku tano zinatosha?

"Shikamoo daktari. Sisi ni marafiki saba wa Dar es Salaam, wa miaka 26 hadi 34, tunakimbia pamoja kila Jumamosi asubuhi. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda mlima mrefu. Tumepanga kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku tano, tuwe kileleni tarehe 9 Desemba. Tukiongeza siku ya sita bei inapanda, na wenzangu wengi wanaona ni hela ya bure kwa kuwa sote tuna pumzi. Mmoja anasema tutafune kitunguu saumu. Mwingine anasema kuna vidonge, ila vinaficha ugonjwa mpaka unaanguka ghafla. Mwenzetu mmoja ana mdogo wake mwenye siko seli, lakini yeye mwenyewe haumwi. Tumeapiana kwamba tunakwenda saba na tunafika saba, hakuna kumwacha mtu. Mimi naogopa kidogo, lakini sitaki kuwa wa kuwavunja moyo wenzangu. Je, tuko sawa?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo mengi na yote nitayajibu, lakini lililonifanya nikae niandike kwa kirefu ni lile la mwisho: unaogopa, na hutaki kuwavunja moyo wenzako. Nimewatibu wapanda mlima nikiwa Moshi kwa miaka mingi, na mara kadhaa nimepanda nao. Wengi walioletwa chini kwa machela walikuwa na pumzi nzuri tu, na kampuni yao ilishawaeleza dalili za hatari. Walichokosa ni nafasi ya kusema "kichwa kinaniuma" bila kuonekana wanaharibu safari ya wengine. Kiapo chenu nitakirudia. Kwanza tuelewe mlima unaufanyia nini mwili, maana ukilielewa hilo mengine yote yatakaa mahali pake.

Watu husema huko juu oksijeni imeisha. Haijaisha. Pale Uhuru, kileleni, mita 5,895, hewa ina oksijeni asilimia 21 kama ilivyo Kigamboni. Kinachopungua ni msukumo wake. Fikiria daladala Mbagala saa kumi na mbili asubuhi. Mlango ni mmoja, lakini watu wamejazana nje wanasukumana, na kwa dakika moja gari limejaa. Saa sita mchana mlango ni uleule, konda anaita mpaka sauti inamkauka, wanaingia wawili watatu. Mapafu yako ndiyo hiyo daladala. Pwani umebeba uzito wa hewa yote iliyo juu yako, nao unaisukuma oksijeni kuingia kwenye damu. Kileleni karibu nusu ya uzito huo umeiacha chini, kwa hiyo kila pumzi inapitisha oksijeni kidogo. Mtaliona jambo hili kwa macho. Pakiti ya biskuti mliyonunua Moshi, mkifika kibanda cha Horombo itakuwa imevimba kama puto.

Mwili ukihisi upungufu huo unaanza kupumua haraka na kwa kina. Vizuri, ila kuna gharama. Ukipumua sana unatoa hewa ya kaboni dioksidi kwa wingi, na hewa hiyo ndiyo inayoipa damu tindikali yake. Tindikali ikipungua kupita kiasi, ubongo unatoa amri ya kupunguza kupumua. Yaani sehemu moja ya mwili inasema pumua, nyingine inasema acha. Ndiyo maana usiku wa Horombo utamsikia mwenzako aliyelala anapumua kwa kasi, kisha kimya cha sekunde kadhaa, kisha anavuta pumzi kubwa kama aliyeibuka majini. Mkimwona amelala hivyo na mchana yuko mzima, msiogope, ni huo mvutano.

Anayeuamua mvutano huo ni figo. Figo huondoa chumvi ya bikaboneti, inayopunguza tindikali, kwa njia ya mkojo, damu inarudi kwenye usawa, na ubongo unaruhusu kupumua kwa nguvu tena. Kwa hiyo kukojoa sana mlimani ni habari njema. Lakini figo hazina haraka. Kazi hiyo huchukua siku, na mkipanda juu zaidi inaanza upya. Mbio zenu za Jumamosi zimejenga moyo na misuli, na mtazishukuru siku ya kuteremka magoti yakianza kulalamika. Figo hazijui kama unakimbia kilomita kumi au unashinda ofisini. Tena mwenye pumzi nzuri yuko kwenye hatari ya aina yake, kwa sababu miguu inamruhusu kwenda haraka kuliko damu yake inavyoweza kufuata. Waongozaji wanaposema "pole pole" msidhani ni salamu ya watalii. Hiyo ni dawa, na haina gharama.

Sasa siku tano. Tazama mtakavyolala. Usiku wa kwanza Mandara, kama mita 2,700. Wa pili Horombo, kama 3,700. Siku ya tatu mnafika Kibo, kama 4,700, mnajilaza saa chache, na karibu na saa sita usiku mnaanza kupanda kwenda kileleni. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, sehemu ya kulala isipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Nyinyi mnapanda elfu moja, kisha elfu moja nyingine, kisha karibu elfu na mia mbili usiku huohuo. Wapo wanaofika Uhuru kwa siku tano, sitakuficha. Miili yao ni ya wepesi wa kuzoea, na huwezi kujua kama wako ni wa aina hiyo mpaka ufike. Kwa watu saba ambao hawajawahi kupanda, kutegemea kwamba wote saba wana bahati hiyo ni kucheza kamari.

Siku ya sita ambayo wenzako wanaiona ni hela ya bure hutumika Horombo. Mnalala hapo usiku mwingine, na mchana mnapanda taratibu hadi kwenye miamba yenye michirizi myeusi na myeupe iitwayo Zebra, kama mita 4,000, halafu mnarudi kulala chini. Mwili unaonjeshwa hewa ya juu kisha unapewa usiku mzima wa kufanya kazi. Ukiniuliza mahali pa kupunguza gharama, nitakuambia azimeni majaketi na mifuko ya kulalia badala ya kununua, au ahirisheni miezi mitatu mchange zaidi. Siku ya sita msiiguse.

Kuna njia nyingine zenye mpangilio mzuri kuliko Marangu. Machame kwa siku saba mnapita mnara wa mawe wa Lava Tower, kama mita 4,600, kisha mnashuka kulala Barranco, chini ya 4,000. Kwa mwili, huo ni mpangilio bora zaidi. Lakini mnalala kwenye mahema, na Desemba ya mwanzoni ni msimu wa vuli. Mkilowa siku ya kwanza msituni, hakuna paa wala godoro la kuwasubiri. Marangu ndiyo njia yenye vibanda. Kwa wageni wa baridi, mwezi huo, mimi ningechagua Marangu kwa siku sita. Mngekuwa mnakwenda Januari au Septemba ningewaambia Machame siku saba bila kusita.

Mkiweza, pandeni Mlima Meru kwanza. Una zaidi ya mita 4,500, na mtalala usiku mmoja kwenye kibanda cha mita 3,500 hivi. Mkiupanda mwezi mmoja kabla, mazoea ya damu yatakuwa yamepotea mkifika Kilimanjaro, lakini mtakuwa mmejua jambo ambalo hakuna kipimo cha hospitali kinachoweza kuwaambia: nani kati yenu huumwa kichwa mapema, nani hukosa hamu ya kula, na nani hunyamaza akizidiwa. Huyo wa mwisho ndiye wa kumjua mapema.

Kitunguu saumu ni chakula kizuri, na supu yake saa ya baridi inafariji. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kinazuia ugonjwa wa mwinuko, yaani ule unaompata mtu akipanda juu haraka kuliko mwili unavyozoea. Tangawizi inaweza kutuliza kichefuchefu kidogo, basi. Vichupa vidogo vya oksijeni vya kupulizia vinatoa dakika chache tu za nafuu na kisha uko palepale. Maji kunyweni ya kutosha, lita tatu hivi kwa siku, kwa sababu hewa ya juu ni kavu na dalili za kukosa maji zinafanana na za mwinuko, ila kujijaza maji kupita kiasi hakumkingi mtu. Pombe na dawa za usingizi acheni kabisa, zinapunguza kupumua usiku, saa ambayo mwili unahitaji kupumua zaidi.

Vidonge alivyosikia mwenzako ni asetazolamaidi. Hapo kuna kosa ambalo nakutana nalo kila msimu. Dawa hii haifichi ugonjwa. Inazisukuma figo ziondoe bikaboneti mapema, yaani inaharakisha ile kazi niliyoieleza juu. Ukiumwa ukiwa unaitumia, utaumwa kwelikweli na utajua. Inayoweza kufunika dalili ni nyingine, deksamethasoni, na nadhani ndizo zilizochanganywa. Hiyo ya pili ni ya kumwokoa mtu wakati anateremshwa, si ya kumsaidia apande.

Kipimo cha asetazolamaidi kinachotumika sana kwa mtu mzima kuzuia ugonjwa ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole na midomo vitachonyota, mtakojoa zaidi, na soda itakosa ladha. Hayo hayana madhara. Lakini kama yupo aliyewahi kubabuka ngozi au kuvimba kwa Septrini au kwa SP ya malaria, amwambie daktari kabla, maana dawa hii ina undugu nazo. Mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito, au mwenye dawa nyingine za kila siku, vivyo hivyo. Na mtu asimeze kidonge kwa mara ya kwanza mlimani. Ajaribu nyumbani kwa siku mbili. Kwa siku tano za Marangu ningewaandikia wote wasio na kizuizi. Kwa siku sita ningeongea na kila mmoja. Kidonge hakichukui nafasi ya siku.

Kipima oksijeni cha kidoleni wengi wenu mnakijua tangu wakati wa UVIKO-19, na mtaweka vichwani kwamba chini ya 90 ni hatari. Kibo mtasoma 80, pengine chini yake, na mtu yuko anakula na kucheka. Vidole vya baridi navyo hudanganya mashine. Mtazameni mtu kwanza, namba baadaye.

Nikueleze maana ya kumtazama mtu. Jioni moja pale Kibo nilikuwa na kundi la vijana. Mmoja wao, ndiye aliyeandaa safari nzima na kukusanya michango, alikuwa amekaa kitandani anavaa glavu. Aliivaa ya kulia mkono wa kushoto, akaivua, akaivaa tena mkono uleule. Nilimtoa nje, nikachora mstari vumbini kwa fimbo, nikamwomba autembee, kisigino kikigusa ncha za vidole vya mguu mwingine. Hatua ya tatu akayumba kama mlevi. Rafiki yake akaniambia, "Daktari, huyu ndiye anayetufanyisha mazoezi, amechoka tu." Uchovu haumfanyi mtu ashindwe kutembea mstari ulionyooka. Ubongo wake ulikuwa umeanza kuvimba. Tulimpa oksijeni na deksamethasoni, na mwongozaji msaidizi na wagumu, yaani wapagazi, watatu wakamteremsha Horombo usiku ule. Kulipopambazuka alikuwa anaomba uji. Baadaye alikiri kwamba alikuwa akitapika nyuma ya choo tangu siku iliyotangulia na kusukutua mdomo ili asijulikane.

Sasa uone ngazi zenyewe. Kuumwa kichwa pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu, kukosa hamu ya kula au uchovu usio wa kawaida ni ugonjwa wa mwinuko wa hatua ya mwanzo. Hupatwa nao watu wengi na si aibu. Unabaki ulipo, unapumzika, unakunywa maji, unameza parasetamoli. Ukipona, unaendelea. Usipopona, hupandi hata mita moja, na ukizidi, unashuka. Kuyumba, kuchanganyikiwa, kuongea ovyo au kusinzia bila kuamshika ni ubongo. Kuhema mtu akiwa ameketi tu, kikohozi kisichokoma, kifua kinachokoroma, makohozi yenye povu la waridi ni mapafu kujaa maji. Hayo mawili hayasubiri asubuhi. Mtu anashuka saa ileile, hata kama ni saa nane za usiku, mita 500 hadi 1,000, na kamwe asishuke peke yake. Na homa kali haimo kwenye orodha hii. Nyinyi mnatoka Dar, kwa hiyo mwenye homa mlimani au wiki mbili baada ya kurudi apimwe malaria.

Nije kwa mwenzenu mwenye mdogo wake wa siko seli, seli mundu. Hapa naomba mnisikilize. Mtoto huzaliwa na ugonjwa huu akirithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama, na mara nyingi wazazi wote wawili ni wabebaji wasioumwa. Kwa wazazi wa namna hiyo, kati ya watoto watatu wasio na ugonjwa, kwa wastani wawili ni wabebaji. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba mwenzenu anabeba jeni moja ya namna hiyo bila kujua. Pwani haimsumbui. Juu, oksijeni ikishuka, mwili ukikauka maji na miguu ikifanya kazi nzito kwenye baridi, baadhi ya chembe zake nyekundu zinaweza kujikunja na kuziba mishipa, hasa ya bandama. Maumivu hutokea chini ya mbavu za kushoto, makali, na mtu hudhani ni tumbo la safari. Wabebaji wengi wanapanda na kurudi salama, kwa hiyo simkatazi. Ila lazima ajue, na mwongozaji wenu ajue, ili maumivu hayo yakianza ashushwe na kupelekwa hospitali bila mjadala. Wapo pia wachache wanaofika utu uzima wakiwa na aina nyepesi ya ugonjwa wenyewe bila kugundulika. Huyo hatakiwi kupanda kabisa.

Wengine wa kumwona daktari kabla ya kulipa ni mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, pumu inayombana mara kwa mara, kisukari, au mjamzito. Mwenye pumu iliyotulia aweza kupanda, mradi kipulizio chake akiweke ndani ya koti kisigande kwa baridi.

Turudi kwenye kiapo. "Saba tunakwenda, saba tunafika" limetoka kwenye upendo, nalijua. Lakini miili saba haizoei kwa kasi moja, na kiapo hicho kinamwambia anayeumwa kwamba akisema anavunja ahadi ya sita. Badilisheni maneno. Apianeni kwamba kila jioni mezani mtu atataja hali yake kwa sauti, kichwa, tumbo, usingizi, mkojo, na anayesema anaumwa hataulizwa mara mbili. Apianeni kwamba anayeshuka hashuki kwa aibu. Kwa vile wewe ndiye uliyepata ujasiri wa kuniandikia, anza wewe. Jioni ya kwanza pale Mandara useme kilichokuuma hata kama ni kidole. Aliye kimya ataona kuwa inawezekana.

Kiapo kipya kinahitaji watu wa kukitekeleza. Iulizeni kampuni waongozaji na wasaidizi wako wangapi kwa watu saba. Akiwa mwongozaji mmoja na msaidizi mmoja, mtu wa kwanza akiumwa anaondoka na mmoja, wa pili akiumwa mnarudi wote au mnamlazimisha apande. Kwa idadi yenu ningetaka wasiopungua watatu, nafuu wanne, wenye leseni ya hifadhi. Ulizeni pia kama wanabeba mtungi wa oksijeni na kama wanajua kuutumia, na mwombeni mwongozaji mkuu awaambie mbele ya wote kwamba neno lake la kushuka ni la mwisho.

Kuhusu tarehe, naelewa mnavyoitamani. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha mwenge na bendera kileleni, na kusimama pale siku hiyohiyo ni jambo la kumfanya Mtanzania alie. Ila tarehe nayo ni kiapo. Vuli ikileta theluji juu, au mmoja akihitaji usiku wa ziada Horombo, mtasukumana ili msiikose. Pangeni kufika tarehe 8. Mkichelewa siku moja mtaangukia palepale mnapopataka.

Wiki hii mwambie mwenzenu aende hospitali aombe kipimo cha damu cha kutenganisha aina za himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni. Asiridhike na kile cha haraka cha ndiyo au hapana, maana hakimtofautishi mbebaji na mgonjwa. Mfuate, msimwache aende peke yake, kwa sababu jibu hilo linagusa pia ndoa na watoto wake, na kulipokea ukiwa umekaa na rafiki ni tofauti. Malipo ya awali ya kampuni yasubiri mpaka majibu yatoke.